Kupanga chumba England: leseni ya nyumba ya kuchangia, kuanzia kuhesabu vichwa hadi kudai kodi irudi

Chumba changu cha kwanza England kilikuwa juu kabisa, chini ya paa lenyewe. Pauni 450 kwa mwezi, bili zote ndani, nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Tulikuwa watu wazima saba: jiko moja, bafu moja, na choo cha chini ambacho mlango wake haukufunga, kwa hiyo ukiingia lazima uimbe ili wenzio wajue kuna mtu. Kila nilipoamka nikiwa na usingizi nilijigonga utosi kwenye mteremko wa paa.

Mwaka mmoja na nusu baada ya kuhama, nilimsindikiza dada mmoja kukagua chumba, nikiwa na futi mkononi, ndipo nikakikumbuka changu. Vipimo vyake nilikuwa navyo kichwani kwa sababu nilikinunulia zulia: mita 3.6 kwa 2.4. Hiyo ni mita za mraba 8.64. Lakini sheria haihesabu sakafu ambayo dari yake haifiki mita 1.5, na upande wa mteremko ulikuwa umekula sentimita 90, pale ambapo hata kabati halikusimama. Toa 2.16, inabaki 6.48. Kiwango cha chini kwa mtu mzima mmoja ni 6.51. Chumba kilipungua kwa nusu ya karatasi ya A4, na nyumba yenyewe haikuwa na leseni. Ningejua mapema ningedai sehemu ya kodi yangu irudi. Nilipojua, muda wa kudai ulikuwa umeshapita.

Mwongozo huu ni wa anayepanga chumba na pia wa anayepangisha, maana siku hizi wapo wengi wetu huku wanaonunua nyumba au kuchukua nyumba ya mtu na kupangisha vyumba. Unahusu England tu. Scotland leseni inaanzia kwenye watu watatu kutoka familia tatu, na Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Hatua ya 1: hesabu vichwa, si vyumba

Nyumba ya namna hii kwa Kiingereza inaitwa HMO (house in multiple occupation), na hilo ndilo jina utakaloliona kwenye kila fomu. Kwa Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004, nyumba inakuwa HMO wakiishi humo watu watatu au zaidi, wasiotoka familia moja, wanaochangia jiko, bafu au choo. Wakifika watano, leseni ya halmashauri ni lazima popote England. Zamani sharti hilo lilizigusa nyumba za ghorofa tatu kwenda juu tu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2018 suala la ghorofa limeondolewa, kwa hiyo hata nyumba ya chini yenye watu watano imo. Bado wapo wenye nyumba watakaokwambia "yangu ni ya ghorofa mbili, haihusiki". Wanasoma sheria iliyokwisha kufa.

Mtoto ni kichwa. Mume, mke na kichanga chao kwenye chumba kikubwa, kijana mmoja chumba cha pili, binti mmoja cha tatu: hao ni watu watano wa familia tatu, leseni inahitajika. Wengi huhesabu majina yaliyo kwenye mkataba, wanapata wanne, wanatulia. Halmashauri haihesabu mkataba, inahesabu wanaoishi pale.

Hatua ya 2: hesabu familia, kwa undugu wa kisheria

Hapa ndipo Waswahili tunapochanganyikiwa. Sheria inatambua mume na mke, wanaoishi kama mume na mke bila ndoa, wazazi, babu na bibi, watoto, wajukuu, ndugu wa kuzaliwa, wajomba, mashangazi, wapwa na mabinamu. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali anahesabiwa ndugu kamili, na mtoto wa kambo anahesabiwa mtoto. Hata shemeji, wifi na mkwe wamo, kwa sababu ndugu wa mke wako anahesabiwa familia moja na wewe. Mtoto wa mama mdogo, ambaye sisi tunamwita kaka tu, kwao ni binamu, naye yumo.

Asiyekuwemo ni "ndugu" wa heshima: mtu wa kwenu, uliyesoma naye, mtoto wa jirani mliyekuwa mkiazimana chumvi Tanga. Mkiwa watano wa kijiji kimoja, mmepanga nyumba pamoja na mnapika chungu kimoja, kisheria ninyi ni familia tano. Nimewahi kumsikia mwenye nyumba akimwambia mpangaji, "Kaka, wakija sema ninyi wote ni mabinamu." Usikubali. Ofisa akiuliza jina la bibi yenu, mtatazamana.

Kuna misamaha michache ya kujua. Mwenye nyumba anayeishi humo na familia yake anaweza kuweka wapangaji wawili wa ndani bila nyumba kuwa HMO. Akiweka wa tatu, hesabu inabadilika. Pia anaweza kupokea hadi pauni 7,500 kwa mwaka bila kutozwa kodi ya mapato, chini ya mpango uitwao Rent a Room. Nyumba yenye watu wawili tu haihesabiwi HMO, wala mabweni yanayoendeshwa na vyuo vikuu.

Hatua ya 3: jua ni leseni ipi kati ya tatu

Ya kwanza ni hiyo ya lazima, watu watano kwenda juu. Ya pili ni ya nyongeza: halmashauri inaweza kuamua kuwa eneo lake, lote au sehemu, hata HMO ya watu watatu au wanne iwe na leseni. Ya tatu inagusa karibu nyumba zote za kupangisha za watu binafsi katika eneo lililotajwa, hata yenye familia moja. Newham, mashariki mwa London, ilianza hiyo mwaka 2013, na halmashauri nyingi zimefuata.

Kwa hiyo jibu la rafiki yako anayeishi mji mwingine halikusaidii. Mtaa mmoja unaweza kuwa ndani ya mpango na mtaa wa ng'ambo ya barabara ukawa nje. Tafuta hivi: andika mtandaoni jina la halmashauri pamoja na maneno "HMO register". Kila halmashauri inatakiwa kisheria kuwa na rejista ya leseni ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama. Weka anwani ya nyumba, angalia jina la mwenye leseni, idadi ya watu wanaoruhusiwa na tarehe ya kwisha. Usipoiona, waandikie barua pepe idara ya nyumba: "Je, nyumba namba fulani ina leseni, au maombi yake yameshapokelewa?" Swali hilo la pili lina uzito, kwa sababu mwenye nyumba aliyekwisha kupeleka maombi kamili ana utetezi kisheria hata kama leseni yenyewe haijatoka. Akikwambia "iko njiani", mwombe akuonyeshe uthibitisho wa kupokelewa.

Hatua ya 4: pima

Nunua futi ya chuma, usitumie programu ya simu. Pima ukuta hadi ukuta, zidisha, kisha toa kila sehemu ambayo dari yake iko chini ya mita 1.5. Choo cha ndani ya chumba hakihesabiwi. Viwango vya taifa kwa nyumba zenye leseni ni hivi: mita za mraba 6.51 kwa mtu mmoja mwenye zaidi ya miaka 10, 10.22 kwa wawili, na 4.64 kwa mtoto wa chini ya miaka 10. Chumba kisichofika 4.64 hakilaliwi na yeyote.

Hivyo ni viwango vya chini kabisa. Halmashauri inaruhusiwa kudai zaidi, na nyingi zinadai, hasa kama nyumba haina sebule. Kabla hujalipia fundi agawe sebule kwa ubao, soma waraka wao wa viwango. Utaeleza pia vyoo vingapi na majiko mangapi kwa watu wangapi, na huko ndiko nyumba nyingi zinakokwama.

Mpangaji aliye kwenye chumba kidogo asiogope kwamba kulalamika ni kujifukuzisha siku hiyo hiyo. Leseni inapotolewa kwa mara ya kwanza, halmashauri inaweza kumpa mwenye nyumba hadi miezi 18 kurekebisha hali ya chumba kilichopungua.

Hatua ya 5: usichanganye leseni na ruhusa ya mipango miji

Ni idara mbili zisizoulizana. Kwa kawaida nyumba ya familia inaweza kugeuzwa HMO ya watu watatu hadi sita bila ruhusa ya mipango miji. Lakini halmashauri inaweza kufuta uhuru huo kwa amri iitwayo Article 4, na Manchester, Oxford na Birmingham zimeshafanya hivyo. Wakiwa saba au zaidi, hesabu kwamba ruhusa inahitajika popote ulipo. Wapo waliopata leseni, wakatumia maelfu kwa milango na ving'ora, kisha ikaja barua ya mipango miji ikiwataka warudishe nyumba ilivyokuwa. Uliza kwanza mipango miji, kisha ndiyo uombe leseni.

Na kama nyumba umeinunua kwa mkopo wa benki, soma masharti ya mkopo na ya bima. Mikopo mingi ya kawaida hairuhusu kupangisha chumba kwa chumba.

Hatua ya 6: maombi yenyewe (kwa mwenye nyumba)

Maombi hufanyika kwenye tovuti ya halmashauri, kila nyumba na fomu yake. Andaa mchoro wa sakafu wenye vipimo vya kila chumba, cheti cha gesi cha mwaka huu, ripoti ya umeme ya ndani ya miaka 5, taarifa ya ving'ora vya moto na nakala ya mkataba unaowapa wapangaji. Utaulizwa pia kama umewahi kutiwa hatiani, kwa sababu mwenye leseni na msimamizi lazima wawe watu wanaofaa kisheria. Ada inatofautiana sana. Kuna mahali ni mamia ya pauni, kuna mahali inazidi elfu. Halmashauri nyingi huigawa mara mbili, nusu ukiomba na nusu ukikubaliwa.

Kisha watakutumia rasimu ya leseni na kukupa angalau siku 14 za kutoa maoni. Isome neno kwa neno. Hapo ndipo utaona wameandika watu sita wakati wewe ulitaka wanane, au wametaka sinki la pili jikoni kabla ya miezi mitatu. Usiporidhika na uamuzi wa mwisho una siku 28 za kukata rufaa.

Leseni hudumu hadi miaka 5 na haihamishiki. Ukinunua nyumba ambayo dalali anaisifia kuwa "ina leseni tayari", leseni hiyo ni ya aliyekuuzia. Wewe unaanza upya. Na kama mpango wako ni kuiondoa nyumba kwenye HMO, kwa mfano wapangaji wawili wanahama na hutaweka wengine, unaweza kuomba msamaha wa muda wa miezi 3, unaoweza kuongezwa mara moja tu.

Hatua ya 7: nyumba yenyewe iweje

Kanuni za usimamizi za mwaka 2006 zinagusa HMO zote, hata zisizohitaji leseni. Jina, anwani na simu ya msimamizi vibandikwe mahali pa wazi. Njia ya kutokea iwe tupu: baiskeli, gari la mtoto na magunia ya nguo za kutuma nyumbani havikai kwenye korido. King'ora cha moshi kiwepo kila ghorofa, na cha kaboni monoksaidi kila chumba chenye boila au kifaa kingine cha kudumu kinachochoma kuni, mkaa au gesi, isipokuwa jiko la gesi. HMO nyingi zenye leseni zitadaiwa ving'ora vilivyounganishwa kwa nyaya, kimoja kikilia vyote vinalia.

Mlango wa jiko ndio wa kutazama kwanza. Mara nyingi unatakiwa uwe wa kuzuia moto kwa dakika 30, wenye kifaa cha kujifunga wenyewe. Nao ndio mlango ambao kila mtu anaukasirikia, kwa sababu umebeba sufuria ya wali mkononi nao unakurudi mgongoni. Kwenye nyumba yetu uliwekewa kiti usibane, miaka yote niliyokaa pale. Siku moja mtu aliacha mafuta ya maandazi jikoni akaenda kupokea simu. Hakuungua mtu, ila moshi ulipanda ngazi ukanifikia juu mimi mwenye chumba cha paa, na ngazi hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya pekee ya kushukia. Mwenye nyumba anaweza kutozwa faini kwa mlango mbovu, lakini kiti tulikiweka sisi, na kanuni zinamtaka mpangaji naye asiharibu vya usalama. Kama mlango unakera, dai kifaa cha sumaku kinachoushikilia wazi na kuuachia chenyewe king'ora kinapolia. Vinauzwa, na havina bei ya kutisha.

Tazama pia kitasa cha chumba chako na cha mlango wa nje. Lazima uweze kufungua kutoka ndani kwa mkono, bila kutafuta ufunguo gizani.

Hatua ya 8: pesa

Dipoziti isizidi kodi ya wiki 5, na kwa mikataba ya kawaida iwekwe ndani ya siku 30 kwenye mfuko mmojawapo kati ya mitatu inayotambuliwa: Deposit Protection Service, mydeposits au Tenancy Deposit Scheme. Ada za "kuandika mkataba" au "kuangalia taarifa zako" zimepigwa marufuku tangu Juni 2019. Anayepanga ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba hana ulinzi huo wa dipoziti, kwa hiyo aombe risiti.

Sisi tuliozoea Dar es Salaam, ambako mtu anakudai kodi ya miezi sita au mwaka mkononi, tunaona kawaida tukiambiwa hivyo na huku. Sheria ya Haki za Wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 imelifunga hilo: kuanzia tarehe 1 Mei 2026 mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mapema. Kuanzia siku hiyo hiyo hakuna kufukuzwa bila sababu, na mikataba ya muda maalumu imekwisha. Mpangaji anaondoka kwa notisi ya miezi miwili.

Kodi ya halmashauri (council tax), ile ambayo bili yake hufika Machi, kwenye HMO inayopangishwa chumba kwa chumba ni ya mwenye nyumba kulipa. Usikubali akuletee bahasha.

Lipa kwa benki. Najua, msimamizi ni mtu wa nyumbani na anapitia Ijumaa jioni kuchukua taslimu, na kumwambia "naomba risiti" ni kama kumtukana. Basi mtumie ujumbe baada ya kumpa: "Shikamoo kaka, nimekupa leo 520 za mwezi wa sita." Akijibu "Marahaba, nimepata", umeshika ushahidi na heshima haijavunjika.

Hatua ya 9: nyumba ikiwa haina leseni

Kuendesha nyumba inayotakiwa leseni bila kuwa nayo ni kosa la jinai. Mahakama inaweza kutoza faini isiyo na kikomo, au halmashauri ikatoza yenyewe hadi pauni 30,000. Sheria hiyo mpya ya 2025 imepandisha kiwango hicho hadi 40,000.

Mpangaji anaweza kudai kodi yake irudi, kwenye First-tier Tribunal, chombo kinachofanya kazi inayofanana na ya Baraza la Ardhi na Nyumba kule Tanzania. Hakuna haja ya kusubiri halmashauri ishtaki, wala huhitaji kuwa bado unaishi pale. Kwa makosa ya zamani kikomo ni kodi ya miezi 12, na maombi lazima yafike ndani ya miezi 12 tangu kosa lilipotendeka. Sheria mpya imeongeza vyote viwili hadi miaka miwili. Kama ulikuwa ukilipa pauni 600 kwa mwezi, miezi 12 ni 7,200. Hiyo ni dari, si ahadi: baraza huondoa bili kama zilikuwa ndani ya kodi, kisha hutazama uzito wa kosa na mwenendo wa pande zote.

Ushahidi lazima uondoe shaka kama wa kesi ya jinai. Kusanya jibu la halmashauri kwamba leseni haikuwepo, taarifa za benki, ujumbe wa simu, picha, na zaidi ya vyote maandishi ya wenzio kuonyesha nani aliishi chumba gani kuanzia lini hadi lini. Hiki cha mwisho ndicho kinachoangusha wengi, kwa sababu watu wanahama na simu zinabadilika. Andikeni orodha mkiwa bado wote mpo.

Jihadhari na mtu wa kati, yule anayekodi nyumba nzima na kuikatakata vyumba. Machi 2023 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Rakusen dhidi ya Jepsen kwamba mpangaji anaweza kumdai kodi yule aliyempangisha moja kwa moja tu, si mwenye nyumba wa juu yake. Watu wa kati wenye kampuni tupu wakanawiri, unashinda kesi na huna wa kumdai. Sheria ya 2025 imelirekebisha hilo, sasa wa juu naye anafikika. Kwa hiyo ukijikuta umechukua nyumba ya mtu na kupangisha wenzio vyumba, ujue kwamba leseni inakuhusu wewe pia, hata kama hati ya nyumba haina jina lako.

Ukibadilishiwa kitasa ukiwa kazini, hilo ni kosa tofauti, chini ya sheria ya mwaka 1977. Piga simu halmashauri, nje ya saa za kazi wapigie polisi, na ushauri wa bure upo Shelter na Citizens Advice.

Hatua ya 10: tarehe kwenye kalenda

Cheti cha gesi kila mwaka, umeme kila miaka 5, leseni siku iliyoandikwa. Maombi ya kuongeza muda yaingie kabla leseni haijaisha. Ikiisha Jumapili na ukaomba Jumanne, hiyo siku moja katikati nyumba haikuwa na leseni. Mpangaji naye aiandike tarehe hiyo hiyo kwenye simu yake, aangalie rejista tena asubuhi inayofuata.